Simu ndogo haikukosa wateja, ilikosa bei yao

Tangu Apple waiondoe iPhone SE, simu yao ndogo ya bei ya chini, sokoni Februari 2025 na kuweka iPhone 16e mahali pake, kuna kauli imekuwa kama sheria, utaisikia kwa wauza simu, kwa wachambuzi wa teknolojia, mpaka kwenye magrupu ya WhatsApp: watu hawataki simu ndogo tena, Apple walijaribu na iPhone mini ikadoda, kesi imefungwa. Alafu Oktoba mwaka huohuo GSMA, yaani umoja wa makampuni ya simu duniani, wakiwa Kigali na makampuni sita makubwa ya bara hili yakiwemo Airtel, MTN, Orange na Vodacom, wakaja na mpango wa simu janja ya 4G ya bei nafuu kabisa kwa ajili ya Afrika, dola 30 mpaka 40, na hapo napo maneno mengi niliyoyasikia baadaye yalikuwa ya bei tu, hiyo simu itakaaje mkononi mwa mtu ni swali ambalo halikupata nafasi. Mi naona habari hizi mbili zimesomwa vibaya, na zimesomwa vibaya kwa sababu moja. Simu ndogo haikufa kwa kukosa wateja. Ilipangiwa bei ya mtu ambaye si mteja wake, ikakaa dukani, kisha kule kukaa dukani kukachukuliwa kuwa ushahidi kwamba dunia nzima imechagua simu kubwa. Udogo na unafuu ni mahitaji mawili tofauti, lakini kwa sehemu kubwa yanaishi kwa mtu mmoja, na ukimpa moja ukamnyima lingine anaondoka, alafu we unabaki unasema hayupo.

Turudi nyuma kidogo maana historia yenyewe si ndefu. Samsung walipotoa Galaxy Note mwaka 2011 ikiwa na kioo cha inchi 5.3, watu wengi waliiona kama ubao, mtu anaongea na simu uso mzima umefunikwa. Mwaka uliofuata iPhone 5 ilikuwa inchi 4 tu na hakuna aliyesema ni simu ya watoto. Mabadiliko makubwa yalikuja Septemba 2014 na iPhone 6 na 6 Plus, inchi 4.7 na 5.5, zikauza vibaya sana kwa maana ya kuuza kweli kweli, na tangu hapo kila mtengenezaji akawa anaongeza. Sasa angalia kilichotokea katikati ya hilo wimbi. Machi 2016 Apple wanaleta SE ya kwanza, inchi 4, dola 399, na siku ya kuizindua wanasema wenyewe kwamba mwaka 2015 wameuza simu milioni 30 za inchi 4. Fikiria hiyo namba vizuri: mwaka 2015 hakukuwa na simu mpya ya inchi 4 ya Apple, kilichokuwepo dukani ni 5s ya mwaka 2013 iliyoshushwa bei na 5c iliyokuwa njiani kuondoka, yaani watu milioni 30 walipita mbele ya iPhone 6 inayotangazwa kila kona wakanunua simu ya zamani, ndogo, ya bei ya chini. SE ya pili ikaja 2020 na inchi 4.7 kwa dola 399 ileile, ya tatu 2022 kwa dola 429. Alafu 16e, inchi 6.1, dola 599. Kwa siku moja ngazi ya chini kabisa ya simu mpya za Apple ikapanda dola 170 na mwili ukakua, na hayo mawili yakatangazwa pamoja kama vile ni kitu kimoja.

Sasa mini, ambayo ndo shahidi mkuu wa upande wa pili. iPhone 12 mini ilitoka Novemba 2020, kioo inchi 5.4, gramu 135 kwa toleo la Marekani, na kitu ambacho wengi hawakijui ni kwamba mwili wake ulikuwa mdogo kuliko ule wa SE ya 2020 yenye kioo cha inchi 4.7, kwa sababu haikuwa na yale mapande meusi juu na chini. (Ndo maana nasema kila siku, ukitaka kujua simu ni ndogo pima mwili wake, inchi za kioo peke yake zinadanganya.) Bei yake ilianzia dola 699 ukiichukua kupitia kampuni ya simu, dola 729 ukiinunua huru. iPhone 12 ya kawaida ilikuwa juu yake kwa dola 100. Hapa ndo penye kosa lenyewe. Mtu ambaye ameshajiandaa kutoa dola 700 kwa ajili ya simu hashindwi kuongeza 100, na akiongeza anapata betri ya 2,815 mAh badala ya 2,227, kwa hiyo kwake mini inaonekana kama kitu kile kile kilichopunguzwa. Yule ambaye angeipenda kwa moyo wote, mtu wa simu ndogo anayehesabu hela yake, alikuwa ameshapita dukani miezi saba kabla, Aprili, akachukua SE kwa dola 399 na akaondoka. Ongeza na kwamba ilitoka dunia ikiwa imefungiwa ndani na korona, watu wako kwenye makochi wanaangalia video, simu ya kubeba mfukoni na kutumia kwa mkono mmoja ukiwa njiani haikuwa shida ya mwaka ule. Kwa hiyo mini ilijaribu swali moja tu, kwamba je, wapo matajiri wengi wanaotaka simu ndogo? Jibu likawa hawako wengi sana. Sawa, nakubali. Lakini hilo silo swali lililokuwa linabishaniwa.

Na hata hilo jibu lenyewe watu wanalikuza. Wachambuzi wa soko la Marekani walikadiria mini kuwa kama asilimia 5 au 6 ya iPhone zilizouzwa kule miezi ya mwanzo, na hiyo asilimia 5 imetajwa sana kama tanzia. Apple kwa makadirio ya kawaida wanauza iPhone zaidi ya milioni 200 kwa mwaka, kwa hiyo hata ukifanya hesabu ya haraka haraka, asilimia 5 ya mzigo huo ni simu milioni 10. Yapo makampuni ya simu ambayo yangefunga barabara kwa sherehe yakiuza milioni 10 za toleo moja. Kwa Apple ilikuwa haitoshi kwa sababu laini ya kutengeneza toleo la mwili tofauti ina gharama zake, fremu yake, kioo chake, betri yake, kava zake, na kama mteja huyo atachukua iPhone nyingine ukimwondolea ile ndogo, basi kimahesabu huna haja ya kuhangaika. Huo ni uamuzi wa kibiashara na naelewa mantiki yake. Ninachokataa ni pale uamuzi wa faida ya kampuni moja unapobadilishwa jina na kuitwa matakwa ya watu.

Upande wa Android mambo yamekwenda vilevile, na ukiyapanga kwa miaka unaona bei inavyopanda kila hatua. Sony mwaka 2014 walitoa Xperia Z1 Compact, inchi 4.3, ikiwa na prosesa ileile ya kaka yake mkubwa, jambo ambalo wakati ule lilikuwa jipya maana simu ndogo zilizoeleka kuwa simu dhaifu, wakaendelea na mfululizo huo mpaka XZ2 Compact ya 2018 ambayo ilikuwa tayari nene na ghali, wakaacha. Asus wakaokota pale: Zenfone 8 ya 2021 ikiwa na kioo cha inchi 5.9 ilianzia euro 599, ilipofika Zenfone 10 mwaka 2023 bei imeshagonga euro 799, na 2024 wakatoa Zenfone 11 Ultra ya inchi 6.78 na hadithi ikaishia hapo. Mwaka 2022 Eric Migicovsky, yule mwanzilishi wa saa za Pebble, alifungua ukurasa wa kukusanya saini za watu wanaotaka simu ndogo ya Android, maelfu wakasaini. Wapinzani wakasema saini ni bure, hela ndo kura, na hapo nawapa haki yao, mtu kusaini si sawa na mtu kufungua pochi. Ila hao hao wanaosema hela ndo kura wanasahau kwamba ili hela ipige kura lazima kuwe na mgombea anayelipika. Simu ndogo ya euro 799 kwa mtu mwenye euro 300 haiko kwenye karatasi ya kura.

Hoja nzito ya kweli dhidi ya simu ndogo ni betri, na kwa miaka mingi sikuwa na jibu lake. Mwili ukipungua nafasi ya betri inapungua, prosesa na modemu zinakula umeme uleule, simu inazima saa kumi jioni na we bado uko barabarani. 13 mini waliboresha lakini sifa mbaya ilishasambaa. Kilichobadilika ni hizi betri mpya za silikoni na kaboni ambazo Wachina wameanza kuzitumia, zinabeba umeme mwingi zaidi kwenye nafasi ileile. OnePlus 13T iliyotoka China Aprili 2025 ina kioo cha inchi 6.32 na betri ya 6,260 mAh. Ni kweli inchi 6.32 si udogo wa mini, na mi siiti ndogo bila kusita, lakini uwiano wake unaonyesha ile sentensi ya "simu ndogo haiwezi kukaa na chaji" imeanza kuchakaa. Vivo nao Oktoba 2024 walitoa X200 Pro mini ya inchi 6.31. Yaani soko gumu kuliko yote duniani, lenye ushindani wa kuumizana, limerudi kwenye simu za mwili mdogo kwa hiari yake. Shida ni kwamba hizo nazo ni simu za daraja la juu, na teknolojia ikianzia juu inachukua miaka kutushukia huku chini.

Na kuna hoja nyingine ambayo naiheshimu kuliko zote maana inatoka kwetu. Kwa familia nyingi za huku simu ndo kompyuta, ndo televisheni, ndo kitabu cha mtoto, ndo mashine ya kuandikia maombi ya kazi na kujaza fomu za serikali mtandaoni. Marekani mtu mwenye simu ndogo ana laptopu begani na televisheni ukutani, kioo kidogo hakimnyimi kitu. Kijana wa Mbagala au Kayole akiwa na kioo kimoja tu maishani, anataka kiwe kikubwa, na wazee nao wanataka herufi kubwa bila kutafuta miwani. Hili ni kweli na mtu yeyote anayetetea simu ndogo bila kulikubali hajakaa na watu. Lakini liangalie kwa undani. Hoja hii inasema wapo watu wengi wanaohitaji kioo kikubwa. Haisemi kila mtu anakihitaji, na haisemi kwamba anayekihitaji nyumbani usiku anakihitaji pia saa moja asubuhi amebanwa kwenye daladala mkono mmoja umeshika bomba na mwingine unatafuta muamala wa nauli. Tena kioo kikubwa cha simu za bei rahisi kina ujanja wake: itel A70 na Tecno Pop 8 zote ni kama inchi 6.6 lakini nukta zake ni 720 kwa 1612, wakati 12 mini kwenye inchi 5.4 ilikuwa na 1080 kwa 2340. Ule ukubwa unaongeza eneo, hauongezi sana kile kinachosomeka. Herufi unaweza kuzikuza kwenye kioo chochote.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndo inayosemwa sana, ni hii: "Nenda Kariakoo, nenda Luthuli Nairobi, angalia watu wananunua nini, wote wananunua simu kubwa, kwa hiyo wanapenda simu kubwa." Hebu nenda kweli. Ingia duka lolote Mtaa wa Aggrey na umwambie muuzaji una laki mbili au laki tatu unataka simu janja mpya, ndogo, ya kuenea kwenye kiganja. Atakuwekea Tecno, itel, Infinix, zote karibu kimo kimoja, zinatofautiana rangi na idadi ya duara za kamera mgongoni. Ukisisitiza ndogo atakupeleka kwenye kabati la zilizotumika, iPhone za kutoka Dubai au Uingereza, SE, 8, mini moja moja. Watu kuchukua kilichopo mezani haimaanishi wamechagua kati ya viwili, meza ina kimoja. Na kimoja hicho kimekuwepo kwa sababu za kiwandani kuliko za kimapenzi: vioo vya inchi 6.5 mpaka 6.7 vya ubora wa chini vinatengenezwa kwa wingi wa kutisha na vinagawanywa kwa chapa nyingi, kwa hiyo bei yake imeshuka, wakati kioo cha inchi 5 cha kisasa inabidi ukiagize maalum. Mwili mkubwa pia unamruhusu fundi kutumia ubao mpana wa bei ya chini na betri ya kawaida bila kuumiza kichwa namna ya kuvibana. Kwa hiyo simu ya maskini imekuwa kubwa kwa sababu ukubwa ndo rahisi kutengeneza, basi. Anayeigeuza hiyo kuwa tabia ya mteja wa Kiafrika anamsingizia mteja.

Wale wa kabati la zilizotumika nao wasisahauliwe kwenye hesabu. Hakuna ripoti ya mauzo ya simu mpya inayomhesabu mtu aliyenunua iPhone ndogo ya mkono wa pili, na hao ndo wanaolipa gharama kubwa ya uamuzi wa makampuni. iPhone 7 na SE ya kwanza ziliishia iOS 15 (iOS ndo mfumo unaoendesha iPhone), iPhone 8 imeishia 16, na Mei 2025 WhatsApp wakaacha kufanya kazi kwenye simu zilizo chini ya iOS 15.1, kina iPhone 6 na 5s wakatoka hivyo. Mtu anabaki na simu nzima, kioo hakina hata ufa, lakini haimfikishi kwa watu wake. Sa hivi hata iyo SE ya mwisho imeshaacha kutengenezwa, kwa hiyo kisima hiki cha simu ndogo za mtumba kinaenda kukauka kwa miaka.

Ila ushahidi mkubwa kuliko wote uko mifukoni mwetu na hatuuoni kwa sababu tumeuzoea. Hesabu watu unaowajua wenye simu mbili, janja moja na kitochi kimoja. Wakenya wanaita kabambe au mulika mwizi, ni kilekile. Wachambuzi wengi huandika kitochi kama dalili ya umaskini, mtu ambaye bado hajafika kwenye simu janja. Lakini huyu mwenye mbili ameshafika, janja anayo, na bado katoa hela nyingine kununua kidude kinachoenea kwenye ngumi, kinachokaa na chaji siku nne, ambacho akikitoa stendi hakuna anayemtolea macho, na laini ya pesa ndo anaiweka humo maana *150*00# haihitaji kioo cha inchi 6.6. Huyo ni mteja wa simu ndogo aliyelipa kwa fedha taslimu. Shangazi yangu wa Tanga alinunuliwa na mwanawe simu janja kubwa nzuri tu, kwa wiki kadhaa akajitahidi nayo, haikai kwenye pindo la kanga, haikai kifuani, akiinama kuchambua mchele inaanguka, mwisho akaifungia kabatini inatoka Jumapili kwa ajili ya kuwaona wajukuu kwa video, siku nyingine sita anatembea na kitochi chake. Ukimuuliza hakuwahi kusema anataka simu ya zamani, alisema "mwanangu, hii haibebeki".

Mtu atasema mbona simu ndogo janja ya bei rahisi ilishajaribiwa huku ikafa. Kweli, Vodacom Tanzania walileta Smart Kitochi mwaka 2019, ya vitufe, inatumia mfumo wa KaiOS, chini ya shilingi elfu hamsini, na ilikuwa na WhatsApp. Wazo zuri sana. Kilichoiangusha si kimo chake, ni kwamba ilikuwa nje ya Android, programu zikiongezeka upande ule yenyewe inabaki nyuma, benki yako haipo, na WhatsApp wenyewe mwaka 2024 wakafunga kupakua upya kwenye KaiOS na 2025 ikazimwa. Kwa hiyo somo la pale ni kwamba simu ndogo lazima iwe simu kamili, inayoingia duka lilelile la programu anamoingia mwenye simu ya milioni moja. Kuipa udogo na kuinyima programu ni kurudia kosa la mini kwa upande wa pili.

Na bei nayo haipangwi na kiwanda peke yake. Kenya mwaka 2022 waliiwekea simu ya kutoka nje ushuru wa bidhaa wa asilimia 10, alafu juu yake VAT ya asilimia 16. Serikali ya Kenya ilizindua kiwanda cha kuunganisha simu Athi River Oktoba 2023, Neon Smarta ikatoka kwa shilingi 7,499, karibu dola 50 kwa kiwango cha wakati ule, hatua nzuri lakini bado iko juu ya hiyo 30 na 40. Huku Tanzania bajeti ya 2021/22 iliondoa VAT kwenye simu janja, vishikwambi na modemu kwa lengo la kuongeza watumiaji wa intaneti, mwaka uliofuata msamaha ukafutwa, na mi bado naamini mwaka mmoja ulikuwa mfupi mno kwa bei kushuka dukani na kutulia, maana mzigo wa zamani wenyewe ulikuwa haujaisha. Afrika Kusini Aprili 2025 wameondoa ushuru wao wa anasa kwa simu zilizo chini ya randi 2,500, na uzuri wa mpango ule ni kwamba umelenga simu ya mtu wa chini, haujampunguzia mwenye kununua ya milioni tatu. Sasa kuna kingine kimetuangukia: tangu mwishoni mwa 2025 bei za memori zimepanda kwa kasi kwa sababu viwanda vya chipu vinakimbilia kuhudumia vituo vya data vya akili mnemba, na simu ya bei rahisi ndo inaumia zaidi kwa kuwa memori ni sehemu kubwa ya gharama yake. GSMA wanasema simu ya dola 40 ingeingiza watu milioni 20 zaidi mtandaoni kusini mwa Sahara, na ya dola 30 ingeingiza milioni 50. Hiyo dola 10 ya katikati ni watu milioni 30, na ni dola 10 hizo hizo ambazo memori inazitafuna.

Katika hali hiyo swali la ukubwa linakuwa la maana zaidi, halipungui. Ukiwa na dola 30 huwezi kutoa kila kitu, lazima uchague unapunguza wapi, na wengi wakifika hapo wanapunguza memori na kubakiza kioo kikubwa kwa sababu kioo ndo kinachoonekana dukani. Matokeo yake tunayajua, simu ina inchi 6.6 na GB 1 au 2 za RAM, miezi sita inakwama ukifungua picha mbili, mtu anaiona imekufa anatafuta nyingine, unafuu wote umeishia hapo. Mi ningegeuza: kioo cha inchi 5 hivi, mwili mnene kidogo, kwenye simu ya kazi unene hauna ubaya wowote, nafasi ya unene ijazwe betri inayotoka na kubadilishwa kama zamani, na kile kilichobaki kiende kwenye memori. Kioo kidogo kinakula umeme kidogo, betri ileile inakwenda mbali zaidi, kikivunjika kipande ni kidogo. Najua nimesema kioo cha inchi 5 ni cha kuagiza maalum na leo si lazima kiwe rahisi, lakini ugumu huo ni wa mnunuzi mmoja mmoja. Makampuni sita yenye wateja mamia ya milioni yakiandika oda moja, bei ya kioo inakuwa nyingine, na ndo faida yenyewe ya kukaa pamoja Kigali badala ya kila mtu kwenda Shenzhen kivyake.

Makampuni makubwa yenyewe yamesikia kwamba watu wamechoka na simu za kubeba kama tofali, ila jibu walilotoa ni wembamba. Galaxy S25 Edge ya Mei 2025, unene milimita 5.8, kioo inchi 6.7, dola 1,099. iPhone Air ya Septemba, milimita 5.6, inchi 6.5, dola 999. Urefu na upana viko palepale, dole gumba bado halifiki juu, bei ndo imekwenda mbinguni. Aliyekuwa analia simu haishikiki kwa mkono mmoja kapewa simu ambayo haishikiki kwa mkono mmoja na ni nyembamba.

Kwa hiyo kabla hiyo oda ya dola 30 mpaka 40 haijafungwa, naomba wahusika wafanye jaribio moja la haki. Chukua simu mbili za Android, memori sawa, prosesa sawa, kamera sawa, moja inchi 6.6 na moja inchi 5, bei ileile, masharti ya mkopo yaleyale ya kulipa kidogo kidogo, ziwekwe bega kwa bega Kariakoo, Mwanza, Kisumu, Mbale, Bujumbura, miezi sita. Mauzo yahesabiwe kwa umri na kwa jinsia, maana mwanamke ambaye nguo yake haina mfuko na mzee wa miaka sabini hawajawahi kuulizwa. Na kwenye kuhesabu iongezwe safu moja: baada ya kununua, ni wangapi wameacha kutembea na kitochi.